Betri ya Gari Lisiloenda Popote

Mume wangu alipotoka hospitalini Kisii mjini, baada ya kiharusi kumlegeza mkono na mguu wa kushoto, hakuuliza habari za ng'ombe wala za wajukuu. Tulimketisha kwenye kiti cha veranda, mto mmoja mgongoni na mwingine chini ya ule mkono, na maneno yake ya kwanza ya nyumbani, yaliyotoka kwa kuburutwa kama ya mtu mwenye uji mdomoni, yalikuwa: "Gari linawaka?"

Nikamwambia sijui. Gari lilikuwa pale pale chini ya kibanda cha mabati, jeupe, limejaa vumbi na majani ya mparachichi, halijaguswa tangu asubuhi alipoanguka bafuni.

"Liwashe," akasema.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Hapakuwa na mwingine. Watoto wetu wote wako mbali, kila mmoja kwake. Mimi nilikuwa nimetoka tu kustaafu ualimu, miaka mingi ya kufundisha Kiswahili na dini, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuketi upande wa usukani. Nilipanda gari nikiwa abiria na nikateremka nikiwa abiria. Siku hiyo alinielekeza kutoka verandani: hakikisha gia haijaingia, breki ya mkono iwe juu, kanyaga klachi, zungusha ufunguo, achia. Injini ikanguruma. Nilishtuka nikaugonga usukani kwa goti. Yeye alifumba macho akasikiliza, na baada ya dakika chache akanipungia ule mkono mzima kwamba inatosha.

Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila Jumapili asubuhi. Jumamosi ni Sabato, hatufanyi kazi, lakini Jumapili hata kabla sijakoroga chai ilibidi niende kibandani nikawashe gari lisiloenda popote. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha, akasema tutaona baada ya miezi. Mume wangu aliyasikia hayo maneno "tutaona" kama mtu aliyepewa ahadi. Kwa hiyo gari lilipaswa kuwa tayari. Nililiwasha, likanguruma kidogo, nikalizima, nikaenda kumsaidia kuoga. Alikuwa mtu mkubwa, na kumwogesha kulinichosha kuliko darasa la watoto sabini.

Wiki zilivyokwenda nilianza kusikia tofauti. Ufunguo ukizungushwa, injini ilichukua muda kujiamua. Ilivuta, ikavuta, kisha ndiyo ikashika. Nilimwambia. Akasema ni baridi ya mvua, niipe nafasi. Jumapili moja nilizungusha ufunguo nikasikia tik, tik, tik, basi. Taa za dashibodi zikafifia.

"Umefanya nini?" akauliza kutoka verandani.

"Nimefanya ulivyoniambia."

"Hapana. Kuna kitu umegusa."

Nilikaa ndani ya gari lile, milango imefungwa, nikauma midomo. Nilikuwa nimeamka mapema nikakamua, nikabadilisha shuka zake, nikapika, na sasa nilikuwa nalaumiwa kwa kifo cha kitu ambacho sikujua hata kiko upande gani wa injini.

Tukamwita fundi wa hapa kwetu Nyakoe. Alikuja kwa pikipiki, betri nyingine kaifunga nyuma kwa mpira, akaunganisha nyaya mbili nene kutoka betri hadi betri, na gari likawaka mara moja. Mume wangu akatabasamu upande mmoja wa uso. Fundi akaniambia, "Mathe, hii betri imeenda. Nunua ingine, mimi niko nayo." Niliuliza imeendaje na ilinunuliwa si zamani. Akainua mabega. "Betri ni betri, mathe. Inachoka tu."

Kuanzia hapo kila mtu akawa mtaalamu. Kijana wetu mkubwa kwa simu: acha injini ingurume saa nzima. Jirani: toa betri uiweke juani, jua linaipa nguvu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayekaa boma la pili, alisema hakuna betri inayodumu juu ya sakafu ya saruji, saruji hunyonya umeme, niweke gunia. Nilimkumbusha kwamba betri iko ndani ya gari na gari liko juu ya matairi. Akasema hata hivyo.

Niliposhindwa kuelewa ni nani wa kusikilizwa, nilikwenda mjini nikanunua vitu viwili katika duka la spea: kipima volti kidogo chenye nyaya mbili, na chaja ya betri. Nilisoma maelezo ya kwenye boksi kwa miwani, mezani, kama nilivyokuwa nikisoma majibu ya mtihani. Kisha nikaenda kupima mwenyewe. Betri iliyojaa huonyesha volti kumi na mbili na zaidi ya nusu. Niliichaji usiku kucha, asubuhi nikapima, nikaona imejaa. Nikaliwasha gari, nikaliacha lingurume kama kawaida yetu, nikalizima. Baada ya chai nikapima tena. Ilikuwa imeshuka.

Nikarudia Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara ilishuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuwasha gari kunakula sehemu kubwa ya nguvu, na zile dakika chache za kunguruma hazitoshi kuirudisha. Hiyo ibada yetu ya Jumapili, ambayo nilikuwa naifanya kwa utii wote, ndiyo iliyokuwa inaimaliza betri kidogo kidogo. Na katikati ya wiki, saa ya dashibodi na kile king'ora cha wezi vilikuwa vinakunywa kilichobaki.

Nilimweleza mume wangu. Nilimwonyesha hata kile kipima volti. Dawa ilikuwa rahisi: tutoe waya mmoja wa betri, ule wa hasi, gari lilale, na mara moja kwa mwezi niichaji mpaka ijae.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini hapana?"

"Gari lisilo na betri ni mzoga."

"Betri itakuwepo. Waya tu ndio utatoka."

"Nikitaka kuondoka ghafla?"

Nilimtazama. Alikuwa hawezi kufunga kifungo cha shati. Yale maneno yalinifika mdomoni nikayameza, nikaenda kufulia nje. Waya ukabaki ulipo, na Jumapili tukaendelea kuua betri pamoja.

Kisha ikaja Sabato ya king'ora. Wazee wa kanisa waliamua kuja kumwombea nyumbani baada ya ibada ya mchana. Walikuja wanne na wake zao, nikawapa chai na matoke, wakaimba, kisha wakasimama kumzunguka, na mzee kiongozi akaanza kuomba. Akiwa katikati, gari likalia. Si honi ya kawaida. Ni kile king'ora chenye sauti za namna sita zinazopokezana. Betri ikidhoofika sana, king'ora hudhani kuna mwizi anayekata nyaya. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mbwa wa Nyakoe nzima walianza kubweka.

Mzee aliongeza sauti. King'ora nacho hakikupunguza. Nilichukua kile kirimoti nikakibonyeza, hakikufanya kitu. Nilikwenda kibandani nikabonyeza tena karibu kabisa, hakuna. Mzee kule ndani alikuwa sasa anaomba kwa kupiga kelele, na majirani walikuwa wameanza kuja langoni wakidhani tumevamiwa. Ilikuwa Sabato, nilikuwa nimevaa gauni langu jeupe la kanisani. Nikafungua boneti, nikatafuta spana chini ya kiti, nikalegeza ile nati ya upande wa hasi na kuung'oa waya. Kimya kikaanguka. Nilikuwa na weusi hadi kwenye kiwiko, na ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri ulikuwa umenipaka kifuani.

Niliporudi ndani nilimkuta mume wangu anacheka. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka machozi, na wazee wakaanza kucheka naye, mmoja akasema Bwana asifiwe, mgonjwa amefunguka. Najua nilipaswa kufurahi. Nilikwenda jikoni nikasugua gauni kwa sabuni, doa likawa linaenea, na nilikasirika hata nikashindwa kurudi kuwaaga wageni.

Ule waya sikuurudisha. Aliponiambia niurudishe Jumapili nilimwambia kama anautaka ainuke akaurudishe mwenyewe. Lilikuwa neno kali. Kisha betri niliitoa ndani ya gari nikaibeba mpaka stoo ya kuku, ambayo ina dirisha. Chaja hufanya betri itoe hewa mbaya, si kitu cha kuchajia chumbani kwa mgonjwa. Nilisugua vichwa vyake kwa maji ya moto na magadi mpaka ule unga ukatoka, nikapaka grisi kidogo, nikaunganisha chaja.

Huko nako hapakuwa na amani. Msimu wa mvua stima yetu hupotea kama mgeni asiyeaga. Niliunganisha chaja asubuhi, nikaenda kuchuma mboga, nikarudi nikakuta taa yake imezimika. Stima ikirudi, ile chaja haikuendelea ilipoachia. Ilisubiri mtu aje aibonyeze tena. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda stoo na kurudi, matope hadi vifundoni, huku mume wangu akiita kutoka ndani ataka maji, ataka redio, ataka kugeuzwa. Hata hivyo nilifaulu. Nilipopima ikakaa juu, na baada ya wiki tatu ilikuwa bado juu. Nilijisikia kama niliyemnyonyesha ndama yatima akasimama.

Siku moja nilitoka kwenda Nyanchwa kumtazama mwalimu mwenzangu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji. Nilirudi jioni. Nikapita stoo kuokota mayai nikaona betri haipo.

"Shemeji yako ameichukua," mume wangu akasema. "Kuna matanga kule juu, stima imepotea, walitaka kuweka spika."

"Na wewe ukamruhusu?"

"Ni ndugu yangu. Ni matanga."

Matanga ya kwetu hayaishi siku moja. Ile spika niliisikia kutoka kitandani kwangu, nyimbo na matangazo, ikinywa betri yangu. Sikuweza kwenda kuidai mbele ya waombolezaji. Shemeji aliirudisha baada ya mazishi, akaiweka chini mlangoni, akajipangusa mikono.

"Ilizimika katikati ya hotuba," akaniambia, kama anayenilalamikia. "Hii betri yenu si nzuri."

"Ulipaswa kuniuliza."

"Si ilikuwa imekaa tu, mama? Haikuwa na kazi."

Nilimwambia aende. Yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu na sijawahi kumfukuza mlangoni pangu, lakini siku hiyo nilimwambia aende kabla sijasema lingine. Nilipima. Ilikuwa imeshuka hadi chini ya kumi. Nikaunganisha chaja, na chaja yenyewe ikakataa kuwaka, kwa sababu chaja ya aina ile ikikuta betri imelala kiasi hicho haitambui kwamba kuna betri. Nilijaribu asubuhi, nikajaribu jioni. Fundi wa Nyakoe alikuja akaiamsha kwa kuiunganisha na nyingine kwanza, kisha chaja ikakubali, ikafanya kazi siku mbili. Nikaitoa, nikapima, ikawa inashuka yenyewe pale pale nikiitazama. Betri ya gari haikutengenezwa kukaushwa. Ikikaushwa ikaachwa hivyo, haiwi tena ilivyokuwa.

Nilikaa juu ya debe katika ile stoo, kuku wakinizunguka, nikalia. Sikulilia betri peke yake, ingawa nayo ilikuwamo.

Tulinunua nyingine. Safari hii nilifunga stoo kwa kufuli na funguo nikazitia kwenye kamba shingoni.

Mwezi uliofuata tulirudi kwa daktari. Alimpima macho kwa kumwambia atazame pua ya huyo daktari huku daktari akichezesha vidole pembeni. Upande wa kushoto mume wangu hakuona vidole hata kimoja. Alikuwa anakisia. Daktari akazungumza taratibu, akasema mguu unaweza kuendelea kupata nguvu, lakini jicho halidanganyi, na mtu asiyeona upande mmoja hawezi kurudi barabarani. Mume wangu akauliza, "Mpaka lini?" Daktari akasema, "Mzee, si suala la lini."

Tulirudi kwa teksi. Nyumbani akaomba aketishwe verandani akatazama kibanda. Mimi nilikuwa tayari na la kusema: tuliuze. Nililipanga hata maneno. Nilikuwa nimechoka kutunza kitu ambacho sasa daktari mwenyewe amethibitisha hakina dereva. Nikavuta kiti.

"Hilo gari," nikaanza.

"Jifunze wewe," akasema.

"Nijifunze nini?"

"Kuendesha. Betri unaijua. Kilichobaki ni kidogo."

Nilimwambia nina miaka sitini na zaidi. Akasema anajua, alikuwepo. Nilimwambia sitaki. Akasema basi tutakuwa tunakodi teksi kila wiki kwenda hospitalini kwa mazoezi ya mguu mpaka tufe. Nilikasirika kwa sababu hesabu yake ilikuwa sawa, na kwa sababu alikuwa amekwisha kuamua, kama alivyoamua mambo mengi ya nyumba ile, akiwa ameketi.

Nilikwenda shule ya udereva mjini. Wenzangu walikuwa vijana wa bodaboda waliotaka kupanda cheo. Waliniita shosho, kama bibi yao, na kunipigia makofi nilipofaulu kugeuza gari bila kuangusha mti wa alama. Nilifeli mtihani wa kwanza kwa kuzimisha gari mbele ya ofisa. Wa pili nikapita.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa Nyacheki, kwa dada yangu mwenye shamba la chai. Asubuhi nilirudisha betri garini, chanya kwanza, hasi mwisho. Redio ikaanza kudai namba ya siri ambayo hakuna aliyeijua, nikaizima. Mume wangu niliweza kumwingiza upande wa abiria, nikamfunga mkanda. Tangu langoni alianza. Gia umechelewa. Kona umeichukua pana. Mbona unashika breki kama unaua siafu. Nilinyamaza mpaka lami ikaisha, nikanyamaza kwenye barabara ya udongo ya murram, na kwenye ule mlima mkali kabla ya soko, katikati ya mashamba ya chai, gari likanizimikia.

Nyuma yetu lori la majani ya chai likapiga honi. Nikawasha, nikaachia klachi, gari likarudi nyuma kidogo, likazimika. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Lori likapiga honi tena. Jasho lilinitoka. Nikawasha mara ya pili na likazimika.

"Nitashuka," nikamwambia. "Nitashuka niliache hapa hapa, wewe na gari lako."

"Ukishuka mimi nitafanya nini?"

"Sijui. Utajua."

"Washa," akasema. Mkono wake mzima, wa kulia, ulikuwa umeshashika breki ya mkono katikati yetu na kuivuta juu. "Mimi nimeshika hii. Wewe toa mguu kwenye breki, toa, gari haliendi. Weka kwenye mafuta. Klachi polepole. Ukisikia linatetemeka niambie."

Nikawasha. Nikapiga mafuta mpaka injini ikalia. Nikaachia klachi kidogo kidogo, na mwili wa gari ukaanza kutetemeka.

"Linatetemeka," nikasema.

Akaishusha. Gari likaenda mbele, polepole kabisa, likapanda mlima wote katika gia ya kwanza, na lori likatufuata nyuma kama msafara wa mazishi. Kwa dada yangu nilizima injini.

Dada yangu alitoka na kanga mkononi, akatusalimia, akastaajabu kumwona shemeji yake. Walimshusha, yeye na mume wake, wakamketisha chini ya ukuta penye kivuli. Mimi nilibaki nikifunga madirisha. Nikamsikia akiwasimulia, maneno yakiburuta lakini yakieleweka yote: "Barabara si mbaya. Tulipata shida kidogo pale mlimani, gari likataka kurudi nyuma, lakini nikalipandisha."

Nilipita mbele yao nikaingia jikoni kwa dada yangu, nikaomba maji ya kunawa.